Lebo ilisema "kibete"

Asubuhi niliyoshika msumeno nilikuwa nimeshachoka kuingia nyumbani kwangu kwa ubavu. Mreteni niliopanda kando ya mlango, kichaka cha kijani daima, ulikuwa umekula zaidi ya nusu ya njia. Tawi moja lilikuwa limelalia kizingiti, jingine lilikwaruza kioo cha dirisha kila upepo ulipovuma, na kila mgeni aliyepita aliondoka na alama mkononi. Nikasema leo basi. Nilikata upande wote unaotazama njia, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kazi yangu, moyo ukanishuka.

Nyuma ya kile kijani cha nje hapakuwa na kijani kingine. Palikuwa na fito kavu za rangi ya kahawia, tando za buibui, na pengo kama la mtu aliyeng'olewa meno ya mbele. Nikajipa moyo kwamba matawi yatachipua tu. Nikamwagilia, nikatia mbolea, nikangoja mwaka mzima. Halikutoka hata chipukizi moja.

Naandika haya kwa sababu makosa niliyofanya ni yale yale ninayoyaona kwa kila anayeanza bustani ndogo akitaka vichaka vifupi, vilivyojaa, visivyopukutisha majani. Bustani yangu ni mita 4 kwa 3, imebanwa kati ya ukuta wa saruji na njia ya kuingilia. Fedha niliyoitupa pale katika miaka mitatu ya mwanzo ingetosha kuipanda upya mara mbili. Fedha sasa si kitu. Kinachouma ni miaka, maana kichaka cha aina hii ukikikosea hukifidii kwa msimu mmoja.

Siku ya kununua, mreteni ule ulikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi, mviringo kama kikapu kilichopinduliwa. Lebo ilikuwa na jina refu la Kilatini, Juniperus × pfitzeriana, na chini yake maneno mawili yaliyonimaliza: kibete, kijani daima. Nililipa hapo hapo. Nikaupanda nusu mita kutoka mlangoni, nikaona bado kuna nafasi kubwa, nikaongeza vingine pembeni.

Mama mmoja jirani, mzoefu wa mambo haya kuliko mimi, alipita akasimama kunitazama nikishindilia udongo.

"Mwanangu, huo mti unaujua?"

"Ni wa kibete, mama. Umeandikwa."

Akauangalia tena. "Huo si mfupi. Huo ni mtoto."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Jina lile lile nililolipuuza kwenye lebo lingeniambia kila kitu kama ningelitafuta: mreteni wa aina ile hufika mita 1.5 hadi 2 kwenda juu, na kwenda kando hufika mita 3 na kupita. Nilikuwa nimempa jitu nafasi ya mtoto.

Nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa ni kwamba neno "kibete" kwenye lebo ni habari ya mwendo. Halisemi kichaka kitaishia wapi. Chama cha wapenzi wa misonobari na jamaa zake cha Marekani, American Conifer Society, huigawa mimea hiyo kwa sentimita inazoongeza kwa mwaka. Isiyofikisha sentimita 2.5 ndiyo midogo kabisa, ya 2.5 hadi 15 ndiyo kibete, ya 15 hadi 30 ni ya wastani, na inayozidi hapo ni mikubwa. Sasa piga hesabu. Kibete halali, kinachoongeza sentimita 15 kila mwaka, baada ya miaka 10 kimefika mita moja na nusu, na hakuna asubuhi kitakayoamka kikasema kimeshiba. Kitaendelea. Kwa hiyo lebo ikikuambia "urefu: mita 1", swali lako la kwanza liwe, mita moja baada ya miaka mingapi? Mara nyingi kipimo kinachoandikwa ni cha miaka 10, na kichaka hiki kinaweza kukaa hapo kwako miaka 30.

Jambo la pili kwenye lebo ni jina lililowekwa ndani ya alama za kunukuu, baada ya lile la Kilatini. Nilikuwa naliruka kama pambo. Kumbe ndilo linalokuhakikishia umbo. Vibete vingi vya jamii ya misonobari vilianza kama kijifundo cha ajabu juu ya mti mkubwa, vitawi vimesongamana kama fagio. Mtu akaukwea mti, akakata kipande, akakiotesha au akakibebesha kwenye shina jingine, na kila mche uliotoka hapo ni mwili ule ule. Ukinunua mche wa kukata tawi wenye jina hilo, unajua unachopata. Ukinunua uliooteshwa kwa mbegu, umecheza kamari. Msonobari uitwao Pinus mugo ni mfano mzuri. Miche yake ya mbegu ikiwa sentimita 20 hufanana kama mapacha, lakini mmoja utabaki magotini kwako na ndugu yake atakupita kichwa. Siku hizi nauliza waziwazi: huu ni wa tawi au wa mbegu? Muuzaji asiyejua, nanunua kwake udongo tu.

Hata wa tawi una siku zake za kukumbuka ukoo. Picea glauca 'Conica', ule unaofanana na pia iliyopinduliwa, ulitokana na miche iliyookotwa mwaka 1904 karibu na Laggan, Alberta, nchini Kanada, na wataalamu wawili wa mimea, Alfred Rehder na John George Jack. Hadi leo mmea huo huweza kutoa tawi moja lenye sindano ndefu na mwendo wa kasi, tawi la babu yake mkubwa. Mimi sina huo, ila niliyaona yale yale kwa Euonymus yenye majani madogo ya mabaka ya njano. Siku moja ilitoa tawi la kijani kitupu, likang'aa, nikalifurahia kabisa, nikaona kichaka kimepata nguvu. Baada ya misimu miwili nusu ya kichaka ilikuwa kijani kitupu na mabaka yamebanwa kona. Jani la kijani kitupu lina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengenezea chakula kuliko lenye mabaka, hivyo tawi hilo hukimbia na kulimeza lingine. Ukiliona, lifuate hadi lilikoanzia, ulikate pale pale. Usilipunguze ncha.

Kuhusu nafasi, kanuni ninayoitumia sasa ni ya mtoto wa shule. Natafuta upana wa kichaka kikiwa kimekomaa, nagawa kwa mbili, naongeza sentimita 30. Huo ndio umbali wa shina kutoka ukutani au njiani. Kati ya vichaka viwili najumlisha nusu ya upana wa kila kimoja. Ukifanya hivyo bustani itaonekana uchi miaka miwili mitatu, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Jicho linataka kujaa leo. Nami niliposhindwa nilibananisha. Dawa yake ni kujaza mapengo kwa maua ya msimu mmoja, yanayokufa yenyewe yakakuachia uwanja, wala si kwa vichaka vingine.

Mahali nilipobananisha zaidi ni kwenye ukingo wa njia. Nilinunua miche 20 ya buksi, Buxus sempervirens 'Suffruticosa', ile inayoenda pole pole na kutengeneza ua, yaani uzio wa mimea, la chini lenye kufika magotini. Nikaipanda sentimita 10 kwa 10, bega kwa bega, nikaona raha. Kila jioni nilichukua mpira wa maji nikaiogesha kuanzia juu, majani yakalala yamelowa hadi asubuhi. Nilidhani nawatunza. Mwaka wa pili, msimu wa mvua, majani ya katikati yakatoka madoa ya kahawia yenye ukingo mweusi, vitawi vikapata michirizi myeusi, halafu majani yakaanza kudondoka. Ukitikisa mmea yananyesha. Ilikuwa kuvu, ule ugonjwa unaozisumbua sana buksi, unaopenda jani lililolowa kwa muda mrefu na hewa iliyosimama. Mimi nilikuwa nimeuandalia vyote viwili.

Nikafanya kosa juu ya kosa. Nilichukua mkasi ule ule, nikakata wagonjwa, nikaendelea na wazima bila kuufuta, na takataka zote nikazitupa kwenye lundo la mboji. Majani yaliyoanguka hubaki na vimelea miaka kadhaa. Nilikuwa nazungusha ugonjwa wangu mwenyewe.

Nilizing'oa 11. Zile 9 zilizobaki nilizipa nafasi, nikafagia kila jani lililokuwa chini, nikakwangua udongo wa juu nikaweka matandazo mapya, na maji sasa naweka shinani, asubuhi. Mkasi nafuta kwa spiriti nikihama mmea hadi mmea. Zimeponea chupuchupu. Kama ningekuwa naanza leo ningepanda Ilex crenata ya aina fupi, ambayo ukiitazama haraka huitofautishi na buksi na haipati ugonjwa huo kirahisi, ingawa nayo haipendi udongo unaotuama maji. Tena buksi ina adui mwingine, kiwavi wa kijani mwenye mistari myeusi, atokaye kwa nondo wa Asia Mashariki ambaye siku hizi ameenea Ulaya. Anaweza kuuvua mmea majani yote huku wewe unamtafuta nje, kumbe yuko ndani kwenye utando wake. Ndiyo maana kila wiki napanua matawi kwa vidole na kuchungulia ndani. Vichaka vilivyojaa vina tabia hiyo, uso unacheka na tumbo linaumwa.

Gadenia nazo zina kisa chao. Nilipanda tatu chini ya ukuta wa saruji, kwa sababu nilitaka harufu iingie dirishani. Miezi minne baadaye majani machanga yakageuka njano, lakini mishipa yake ikabaki kijani, kama ramani ya mito. Nikasema njaa. Nikaongeza samadi. Yakazidi. Nikaongeza tena.

Hazikuwa na njaa ya samadi. Gadenia, kama azalia, kamelia na ixora, hutaka udongo wenye uchachu kidogo, yaani pH, kipimo ambacho namba ikipanda uchachu hupungua, ya 5 hadi 6 hivi. Saruji ina chokaa, na mvua ikiusuuza ukuta miaka na miaka chokaa ile hushukia udongo wa chini yake na kuupunguzia uchachu. Hapo madini ya chuma hujifungia. Yamo udongoni, lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Dalili huanzia kwenye majani machanga, na hicho ndicho kitambulisho. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya zamani. Laiti ningelijua hilo moja tu. Nilipopima kwa kile kipimo cha maji ya rangi, udongo wa ukutani ulisoma karibu 8.

Salfa hushusha pH, ila inafanya kazi kwa hisani ya bakteria wa udongoni na huchukua miezi, na ukuta haujaacha kudondosha. Nilichofanya ni kuzihamishia kwenye vyungu vyenye udongo wake, nikanyunyiza madini ya chuma ya kuyeyuka, na kuzimwagilia maji ya mvua niliyoyakinga. Mbili zilirudi. Zilikasirika kuhamishwa, zikadondosha vitumba vyote mwaka huo, na nusura nizitupe. Moja ilikufa.

Hapo kwenye vyungu nako sikukosa la kukosea. Nilitandika kokoto chini ya chungu kama nilivyoona watu wakifanya, ati maji yapite. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hungoja mpaka udongo wa juu yake ulowe chepechepe ndipo yadondoke. Kwa hiyo kokoto zilikuwa zimeupandisha ule ukanda wa matope karibu zaidi na mizizi. Tundu kubwa chini na udongo mwepesi chungu kizima, basi. Kokoto nimeziweka njiani zinanisaidia zaidi.

Kwenye kupanda kwenyewe, kuna mambo mawili yaliyoniua mimea bila kelele. La kwanza ni kina. Nilikuwa nachimba shimo refu, najaza mboji laini chini, naweka mche juu yake. Baada ya miezi mboji inatitia, mche unazama, na shina linajikuta limefunikwa udongo hadi shingoni. Shina si mzizi, likizikwa linaoza pole pole. Chimba shimo pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, kina kisizidi bonge lenyewe, na pale shina linapopanuka kuingia mizizini paonekane kwa macho. Matandazo nayo, sentimita 5 hadi 8 yatosha, yakae mbali na shina kiasi cha kiganja.

La pili ni mizizi iliyojizungusha. Nilipong'oa Pittosporum tobira 'Nanum' iliyodumaa miaka miwili bila sababu, nilitoa kitu chenye umbo la kopo. Mizizi yote ilikuwa bado inazunguka kama waya, inazunguka pale ilipokuwa ukuta wa kopo la plastiki lisilokuwepo tena. Udongo wangu mzuri ilikuwa haijaugusa. Nilikuwa naogopa kuikata nisiiumize. Sasa kila mche ukitoka kopo napitisha kisu pembeni, juu hadi chini, mara tatu au nne, naivuta mizizi kwa vidole itazame nje. Mche unanuna wiki moja mbili halafu unashika.

Ile mbolea niliyokuwa naipenda nayo niliiacha. Kichaka kifupi ukikilisha naitrojeni nyingi kinasahau ufupi wake. Hutoa vitawi virefu, laini, vyenye majani yaliyoachana, na vidukari wanakuja kama wameitwa. Kivuli kizito hufanya vivyo hivyo, mmea hujinyoosha kutafuta mwanga. Mimi kwa mwaka natandaza mboji mara moja tu. Maji ndiyo ninayoangalia zaidi mwaka wa kwanza. Nachomeka kidole hadi kifundo cha pili, nikikuta pakavu namwaga mengi, taratibu, mara moja, halafu naacha. Vikombe vya kila siku hulowesha juu na kuifundisha mizizi kukaa juu.

Na usishtuke kama nilivyoshtuka mimi ukiona njano ndani ya kichaka cha kijani daima. Hakuna jani linaloishi milele. Majani ya zamani ya ndani huzeeka na kuanguka, ila machanga huwa yameshatoka nje ndiyo maana kichaka hakibaki uchi. Niliwahi kupulizia dawa ya wadudu msonobari uliokuwa unabadilisha nguo zake tu. Njano ya ndani, kwa mpigo, mara moja kwa mwaka, iache. Ya kwenye ncha ndiyo ya kuifuatilia.

Ule mreteni nao nilikuja kuujua tabia. Jamii ile, pamoja na misonobari mingi, haichipui kutoka kwenye mbao za zamani zisizo na majani. Rosmari na lavenda zina ubishi unaokaribia huo. Ukikata, kata palipo na kijani bado, kidogo kidogo, kila mwaka, ukifuata tawi moja moja hadi ndani ya majani ili jeraha lifichike. Buksi na ilex zinasamehe, ukizikata hadi kwenye mbao za zamani zisizo na majani zinarudi, ingawa kwa kusuasua. Ua likatwe chini pana kuliko juu, ili mwanga ufike miguuni. La kwangu lilikuwa limepanuka juu, na chini lilikuwa na miguu ya kuku. Halafu usikate jua likiwa kali. Majani ya ndani hayajawahi kuliona, yanaungua siku hiyo hiyo.

Kuung'oa mreteni kulinichukua siku mbili. Mzizi mmoja ulikuwa umepita chini ya kizingiti na sikuufuata, niliukata pale nilipofika. Yule mama jirani alipita tena, akatazama shimo, hakusema lolote kuhusu mtoto wala mkubwa. Aliniuliza tu kama nahitaji reki.

Mahali pake pana kichaka kimoja, Pittosporum ile iliyokuwa kopo, sentimita 90 kutoka mlangoni. Kina urefu wa sentimita 40 na kando yake hakuna kichaka kingine. Kila mwaka mwezi ule ule naweka futi ya mbao kando ya shina na kuandika namba kwenye daftari. Mwaka wa kwanza iliongeza 3, wa pili 6. Watu huniuliza mbona nimeacha pengo kubwa hivyo. Nimeotesha maua ya msimu hapo, yakiisha nitaotesha mengine.